Nimeambiwa nilipe nitumiwe cheti cha kazi za juu bila mafunzo yoyote. Nifanyeje?

FundiWaTudor
Salaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni fundi wa skafoldi, yale majukwaa ya kupandia wakati wa ujenzi, hapa Mombasa. Kazi nimeijua kwa kuwatazama wakubwa, tangu miti ya mkaratusi na kamba hadi mabomba na klampu. Sasa kuna ghorofa linajengwa Nyali na mkandarasi anataka kila anayepanda awe na cheti cha mafunzo ya kazi za juu. Dalali anayetuunganishia kazi ameleta njia ya mkato: tuma pesa na picha ya kitambulisho, cheti kinakuja kwa WhatsApp. Hakuna darasa wala kupanda popote. Wenzangu wengi washalipa.

Mimi nasita. Saiti niliyotoka tulikuwa twapewa hanesi, ile mikanda ya mwilini ya kukuzuia usianguke, getini, twavaa, lakini ukifika juu hakuna pa kufunga. Kila mtu hufunga kwenye bomba lililo karibu, mara nyingi usawa wa miguu. Sijui kama ni sawa na nyapara ukimuuliza hukasirika. Mafunzo ya kweli hufundisha nini? Na anayepaswa kulipa ni mimi au tajiri?

Kaskazi77
Kaka, lipa uingie kazini. Watoto hawali mafunzo. Hayo mengine utajulia huko huko juu kama sote tulivyojua.

MamaSwalha
Mwanangu, usitume hata shilingi. Ndugu yangu alianguka saiti moja huku Likoni, mgongo hadi leo haujakaa sawa. Cheti alikuwa nacho, tena kimepigwa laminesheni.

MzeeWaMabomba
Kijana, umeuliza swali la maana, nami nitakujibu hilo la kufunga miguuni kwa sababu ndilo linaloua watu wakiwa wamevaa hanesi.

Chukua hesabu hii. Kamba ya kawaida ya kuunganisha hanesi na pa kufunga ina mita 2. Kile kifuko cha kupunguza mshtuko kikifunguka chote huongeza hadi mita 1.75. Kutoka pete ya hanesi ya mgongoni hadi nyayo zako ni kama mita 1.5. Weka mita 1 ya akiba usiguse chini. Jumla yapita mita 6, kupimwa kutoka pale ulipofunga. Ghorofa moja ni kama mita 3. Kwa hiyo ukiwa juu ya ghorofa ya kwanza na ndoano iko miguuni, utafika sakafuni kabla hanesi haijafanya lolote. Ukifunga juu ya kichwa, unaanguka kidogo na mshtuko wenyewe unakuwa mdogo. Fundi aliyefundishwa hupiga hesabu hii kabla hajapanda.

Na si kila bomba ni pa kufunga. Bomba la kushikia mkono halikuwekwa kuzuia mtu anayeanguka. Pa kufunga pachaguliwe na mtu anayejua uzito pale panaoweza kubeba. Kamba yenyewe iwe na ndoano mbili, ili ukihama moja ibaki imeshika wakati wote.

Jambo jingine ambalo saiti nyingi hazitaki kulisikia: ukishaning'inia, nani atakushusha? Mikanda ya mapajani hubana, damu hutuama miguuni, na mtu anaweza kuzimia kwa muda mfupi sana. Ngazi ya kumfikia, kamba na watu wa kumshusha lazima viwe vimepangwa kabla ya kazi kuanza. Mafunzo ya kweli watakuning'iniza kidogo chini ya uangalizi, mwenyewe uhisi hiyo mikanda.

Kwetu pwani kuna la ziada. Chumvi ya bahari hula klampu, na jua hukausha nyuzi za hanesi. Pitisha kidole kwenye kila mshono. Ikikwaruza au rangi imepauka vibaya, irudishe. Hanesi iliyowahi kumshika mtu ikatwe, isivaliwe tena. Na kusi likianza kuvuma, ule wavu wa ujenzi hugeuka tanga na kuvuta skafoldi nzima. Baada ya upepo mkali usipande mpaka ikaguliwe.

AfisaUsalamaPwani
Mzee amemaliza ya juu, mimi niseme ya sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi atoe maelezo, mafunzo na usimamizi. Mzigo huo ni wa tajiri, si wako. Sheria hiyo hiyo inakataza kumfukuza mfanyakazi kwa sababu tu amelalamikia hatari. Saiti ikiwa na watu 20 au zaidi, iwe na kamati ya usalama.

Kaskazi77, njaa naielewa ndugu yangu. Lakini siku ya ajali swali la kwanza ni kama mtu alifundishwa, na karatasi hiyo itajibu ndiyo. Aliyeweka sahihi atakuwa amemsaidia tajiri kujitetea.

FundiWaTudor, uliza kama mkufunzi amesajiliwa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kisha uende ofisi ya DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, hapa Mombasa uwaonyeshe jina lake. Kadi ya fundi ya NCA, mamlaka ya ujenzi, ni nzuri uwe nayo, lakini haishiki nafasi ya mafunzo haya.

Kaskazi77
Sawa, nimesoma. Lakini mkandarasi akisema hana bajeti ya mafunzo?

AfisaUsalamaPwani
Mwambieni kwa pamoja, si mmoja mmoja. Akikataa, DOSHS hupokea malalamiko. Na muulize kuhusu bima ya WIBA, ya fidia ya kuumia kazini, hapo hapo, kabla mtu hajapanda.

FundiWaTudor
Shukran sana, mzee na afisa. Hiyo hesabu ya mita 6 nimeichora chini kwa mkaa nikawaonyesha wenzangu. Wapo ambao hawajatuma pesa, na Jumatatu twaenda pamoja kwa mkandarasi mwenyewe, dalali tumwache nje. Mzee, kuna la kumuuliza zaidi?

MzeeWaMabomba
Muulize nani atakagua skafoldi kila asubuhi, na kama mtu huyo ana ruhusa ya kusimamisha kazi. Pia ziwekwe reli za pembeni na mbao za ukingoni kwanza, ndipo mzungumze habari za hanesi.