Mrejesho: macho mawili, mgonjwa mmoja, na kifo kinachowahi

Wakuu, lile swali la jinsi ya kuchambua muda hadi upofu kwa wenye kisukari (jicho moja limepigwa leza, jingine halikuguswa) limepata ufumbuzi. Kwenye R (programu ya takwimu) kila jicho lipewe `id` (utambulisho) yake. Namba ya mgonjwa iende kwenye `cluster`, yaani kundi la macho ya mtu mmoja. Ukiigeuza kuwa `id`, macho yote yanaanzia sifuri, vipindi vinaingiliana na `survcheck` (amri ya kukagua data) inalalamika. Safu ya hali (jicho liliishia wapi: upofu, kifo au kukatika) iwe faktori, yaani data ya makundi, ngazi ya kwanza ikiwa ufuatiliaji uliokatika.

Kinachosumbua hasa ni kifo: kinafunga macho yote siku ileile, kwa hiyo si matukio mawili huru. Mchoro wa upofu utumie Aalen-Johansen, njia inayohesabu kifo kama tukio linaloshindana na upofu. Kaplan-Meier, njia iliyozoeleka ya kukadiria muda hadi tukio, humchukulia marehemu kama aliyehama tu, na hivyo hukuza uwezekano wa upofu.