Hoteli ndogo ya baharini isiyo na mbwembwe, kutokea Moshi

Mama_Kiborloni: Habari zenu wadau, mimi na baba watoto tunataka kwenda baharini, tumechoka na mahoteli ya muziki mpaka usiku. Nataka zile ndogo, ukuta mweupe, kitanda na neti basi, hata tivii hakuna. Zanzibar au Pangani? Na chumba kitupu hivyo kwa nini bei iko juu jamani?

Baba Njiro: Dada nenda Ushongo, ufukwe wa kusini mwa mji wa Pangani. Unashuka Same, Mombo, Segera, Muheza, unavuka mto Pangani, umefika, kimya kabisa.

Shangazi wa Soweto: Mwanangu bei ni ya utulivu, wageni wachache na wahudumu wanakujua kwa jina, mi naona inafaa kabisa. Ila chumba kikiwa kitupu kila kasoro inaonekana, godoro bovu hulifichi. Uliza kama madirisha yanapitisha upepo maana sisi tuliozoea baridi ya mlimani joto la pwani la Januari linatutesa, na feni tupu haisaidii.

Kijana wa Majengo: Ukichagua Zanzibar angalia maji kwanza. Paje na Jambiani yakipwa yanaenda mbali mnooo, unawaona akina mama kwenye mashamba ya mwani, kuogelea mpaka yajae. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, ndo yanapwa zaidi. Nungwi na Kendwa unaogelea karibu muda wote ila watu wengi. Aprili na Mei ni masika, hoteli nyingi ndogo zinafunga.

Mama_Kiborloni: Asanteni sana, basi Ushongo. Baba Njiro, gari dogo linafika?

Baba Njiro: Kiangazi linafika, mvua ikinyesha chukua la juu.