CZ 457 Lux: kutoa mtutu mrefu na kuweka mfupi

Lenga_Polepole

Wadau, hamjambo. Nina bunduki ya CZ 457 Lux ya .22 LR (ile risasi ndogo), leseni iko sawa, na kazi yake ni karatasi za mita 50 tu, hakuna kingine. Mtutu wa milimita 630 unanilemea upande wa mbele nikipiga nikiwa nimesimama. Naona mitutu ya kununua ya milimita 420 hivi, wanaoiuza wanasema inaingia bila kuchonga chochote. Je, nitapoteza shabaha? Ni kweli kazi yenyewe ni ya ufunguo wa aleni tu? Na kuna ubaya gani nikimpa fundi wa lethi pale Industrial Area akaukata huu nilio nao?

Babu_wa_Risiva

Kaka, nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo litakalokuponza. Usikate.

Kwanza, mtu anayerekebisha bunduki kwa biashara lazima awe amesajiliwa chini ya Sheria ya Bunduki ya Kenya, Sura ya 114. Fundi wa lethi hata awe hodari vipi, ukimpelekea bunduki umejiingiza taabani wewe na yeye. Pili, ukingo wa mdomo wa mtutu ndio mahali pa mwisho risasi inapogusa chuma. Ukiwa na kasoro ya upande mmoja, hata ya upana wa unywele, gesi inatoka upande huo kwanza na kuisukuma risasi kitako. Msumeno na faili haviwezi kuacha ukingo ulio sawa pande zote. Tatu, kwenye Lux siti (vyuma vya kulengea) ya mbele na ya nyuma zote ziko juu ya mtutu. Ukikata, ya mbele imekwenda. Hata ukibadilisha mtutu mzima zote mbili zinaondoka nao, kwa hiyo kama huna darubini, weka bei yake kwenye hesabu tangu sasa. Reli ya milimita 11 ya kufungia darubini iko juu ya risiva (mwili wa chuma unaoshika mtutu na bolti), hiyo haiguswi.

Kabla ya kuagiza, andikia Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki, upate jibu la maandishi, kisha uagize kupitia muuzaji mwenye leseni. Mtutu si kama plagi za gari kwamba utauweka kwenye begi ukitoka safari. Na agiza mdomo mtupu, usio na nyuzi za skrubu. Nyuzi zitakuletea maswali kuhusu vizima-sauti ambayo huna haja nayo.

DadaShabaha

Kuhusu kupoteza shabaha: hapana. Urefu si usahihi. Baruti ya .22 LR ni kidogo sana, inamaliza kazi yake ndani ya milimita 400 hadi 480 hivi. Baada ya hapo risasi inasuguana tu na chuma. Tuseme mtutu mfupi ukupunguzie mita 10 kwa sekunde, kutoka 330 hadi 320. Kwa mita 50 risasi itashuka zaidi kwa kiasi kisichofika sentimita 1, na hiyo unaimaliza kwa kuzungusha kitufe cha darubini mara moja. Mtutu mfupi wa unene uleule pia unatikisika kidogo kuliko mrefu.

Kinachobadilika kweli ni mawili. Mlio unakaribia masikio, vaa kinga nzuri. Na uzito, ambapo wengi hukosea. Mtutu mnene wa milimita 22 kutoka mwanzo hadi mwisho, wenye urefu wa 420, una karibu kilo 1.2. Ukitoa huo wa Lux mwembamba ukaweka mnene, bunduki inaweza isiwe nyepesi hata kidogo, ila uzito umerudi karibu na mikono. Kwa anayepiga akiwa amesimama hilo linasaidia, lakini usije ukalalamika kwamba mzani haujasogea.

Babu_wa_Risiva

Dada amesema kweli. Sasa kazi yenyewe. Naieleza ili ukikaa na fundi mwenye leseni ujue anafanya nini, na ujue cha kukagua ukikabidhiwa.

Bunduki tupu, magazini nje, bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) nje, angalia chemba (mahali risasi inapokaa) kwa macho na kwa kidole. Zile skrubu mbili za chini zinatoka, risiva inainuliwa kutoka kwenye kitako cha mbao. Tumboni mwa risiva, mbele, kuna skrubu mbili ndogo zisizo na kichwa. Hizo ndizo zinazoshika mtutu, na ndiyo maana 457 haihitaji vifaa vikubwa kama zile za mtutu wa nyuzi. Zilegezwe kwa zamu, robo mzunguko hapa, robo pale. Mtutu ukigoma, oili ya kupenya na usiku mmoja wa kusubiri, halafu joto la kikausha nywele. Nyundo ikae mbali.

Mtutu mpya: shina lake lifutwe kwa spiriti, lipakwe grisi ya shaba kidogo mno, utando tu. Liingie mpaka bega liguse risiva, lisiache mwanga. Hapo ndipo makosa mawili makubwa yanapotokea.

La kwanza ni mzunguko. Nyuma ya mtutu kuna makato ya kupitisha kulabu za kuvuta ganda. Mtutu ukikaa umepinda digrii chache, kulabu inagonga chuma: bolti inafungika kwa shida, na siku moja ncha ya kulabu inavunjika. Weka bolti, ifunge polepole kwa vidole viwili ukisikiliza. Ikikwaruza, legeza, zungusha, rudia. Ndipo skrubu zikazwe kwa zamu, na spana ya kupima nguvu kwa kiwango cha kijitabu. Nguvu ya mkono haitoshi kuwa kipimo.

La pili ni nafasi ya ukingo wa ganda. Risasi hii inawashwa kwenye ukingo wake, na ni ukingo huohuo unaoizuia isizame ndani. Tumia geji mbili: ya milimita 1.09, bolti lazima ifungike juu yake, ya 1.17, bolti isifungike. Nafasi ikizidi, pini ya kufyatulia inagonga kwa ulegevu na risasi nyingine hazilipuki. Mbaya zaidi, ganda linaweza kupasuka ukingoni na gesi ikakujia usoni. Miwani si urembo. Nafasi ikibana, usilazimishe bolti.

Kamau_wa_Mita50

Mzee, ongeza na hili la pini. Baada ya kufunga mtutu mpya, usifyatue bunduki ikiwa tupu mpaka uhakikishe pini haifiki kwenye ukingo wa chemba. Ikifika, inaacha bonyeo dogo kama alama ya kucha, na tangu siku hiyo risasi zinaingia kwa kusukumwa. Weka ganda lililokwisha kupigwa, uligeuze kila mara pini ipate mahali pasipogongwa.

Halafu uliza muuzaji chemba ni ya aina gani. Zile za mashindano zimebana, risasi inaingia mpaka inauma mifereji ya ndani ya mtutu. Ukitoa risasi usiyoipiga, ganda linaweza kutoka na kichwa kikabaki mtutuni, baruti imemwagika ndani ya bolti. Ukishaijaza, ipige kwenye shabaha. Na ikibaki kichwa ndani, usipige nyingine kukisukuma! Ufito wa kusafishia, kutoka mdomoni, taratibu.

Ukianza kupima, jaribu aina tatu au nne za risasi za mwendo wa kawaida, kila moja makundi matano ya risasi tano. Usihukumu kwa kundi moja. Duara la 10 la mita 50 lina milimita 10.4 tu, na mtutu mpya hauna adabu za ule wa zamani: risasi uliyoizoea inaweza kuwa ndiyo mbovu kwake.

Lenga_Polepole

Asanteni sana, nimeelewa. Barua kwa Bodi kwanza. Swali moja tu: nikichukua huo mnene wa 22, utaingia kwenye mbao ya Lux?

Babu_wa_Risiva

Hauingii. Mfereji wa Lux umechongwa kwa mtutu mwembamba unaopungua kuelekea mbele. Itabidi upanuliwe, na hiyo ndiyo sehemu ambayo unaweza kuifanya mwenyewe mezani, mbao ikiwa peke yake, bunduki imefungiwa kwenye sefu. Funga msasa namba 120 kwenye kipande cha bomba, piga kwa urefu, malizia na 240. Usiguse mahali risiva inapokalia, hata kidogo. Fundi akiirudisha, kunja noti ya shilingi 100 mara mbili, ipitishe chini ya mtutu kutoka ncha ya kitako hadi karibu na risiva. Ikikwama popote, hapo bado.

Halafu mbao uliyoikwangua iko uchi. Ipake mafuta ya linsidi mara tatu, siku moja kati ya kila mkono, kabla mvua ya masika haijaikuta. Mbao ikinywa unyevu inavimba, inagusa mtutu upande mmoja, na wewe utakuwa unailaumu darubini.