Fiksi ya 12% riba mara moja kwa mwaka, au 11.6% riba kila mwezi?

Mweka_Akiba
Wakuu, habari za leo. Nina 1,000,000 ya kuweka fiksi (amana ya muda maalumu) mwaka mmoja. Benki ya kwanza inatoa 12%, riba inaingia mara moja mwishoni. Ya pili 11.6%, riba inaingia kila mwezi. Nimepiga 1,000,000 × 1.116^12 nikapata milioni 3.7, kitu ambacho hakiwezekani. Nakosea wapi?

Daftari
Mkuu, umeitoza riba ya mwaka mzima kila mwezi, mara 12. Igawe kwanza: 0.116 ÷ 12 = 0.0096667. Jumlisha 1, pandisha kwa kipeo cha 12, kisha zidisha kwa mtaji. Jibu ni 1,122,370. Ya 12% inaishia 1,120,000, kwa hiyo yenye asilimia ndogo inaongoza kwa 2,370.

Angalizo: usikadirie 0.0096667 kuwa 0.01. Utapata 1,126,825, na hiyo ni hesabu ya 12% kila mwezi. Kosa la 4,455 linaizidi hata tofauti unayoitafuta. Acha desimali zote ndani ya kikokotoo. Kwenye kikokotoo cha simu nyingi, ukiigeuza simu ilale kwa upana utakiona kitufe cha x^y. Kwenye Excel andika =EFFECT(0.116,12), itakupa 0.12237, yaani 12.237% halisi kwa mwaka.

Hesabu_Kwanza
Naongezea, maana watu wanavutwa sana na tangazo la "riba kila siku". Chukua 12% ileile kwa milioni moja. Riba ikiingia kila miezi 6 unapata 1,123,600. Kila miezi 3, 1,125,509. Kila mwezi, 1,126,825. Kila siku, 1,127,475. Kutoka mwezi kwenda siku umeongeza 650 tu! Hata ingeingia kila sekunde, haivuki 1,127,497. Ukomo wa aina hiyo ndio uliomfikisha mwanahisabati Jacob Bernoulli kwenye namba iitwayo e (takriban 2.718) mwaka 1683, alipokuwa akichunguza swali hilihili la riba.

Muda ndio unaokuza pengo. Kwa miaka 5, 12% ya mara moja kwa mwaka inafika 1,762,342, ya kila mwezi 1,816,697.

Karani wa Saccos
Kabla ya hesabu zote hizo, mkuu, uliza hiyo riba ya kila mwezi inaingia wapi. Fiksi nyingi za "riba kila mwezi" huipeleka kwenye akaunti yako ya kawaida, haibaki ndani ya amana. Hapo hakuna riba juu ya riba: unapata 116,000 basi, na benki ya 12% inakushinda kwa 4,000. Taka iandikwe kwenye mkataba kwamba riba inaongezwa kwenye mtaji.

Halafu kuna kodi ya zuio (benki huikata kabla ya kukulipa), 10% ya riba hapa Tanzania. Ikikatwa kila mwezi, kinachobaki kukua ni 0.87% kwa mwezi, unaishia 1,109,543. Ya mara moja inakuachia 1,108,000. Faida ya 2,370 imeshuka hadi 1,543.

Mweka_Akiba
Asanteni sana. Na kwenye mkopo ni hivyohivyo?

Daftari
Hivyohivyo, ila sasa inakula upande wako. Mkopo wa 100,000 kwa 10% kwa mwezi, usipolipa kitu na riba ikawa inaongezwa kwenye deni, baada ya miezi 12 unadaiwa 313,843, si 220,000.