Mrejesho: Miwani, lenzi au leza?

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa waliosahau: macho yangu ni -6.50 (vya mbali sivioni vizuri), nimechoka kupapasa miwani kila nikiamka, nikauliza nibaki nayo, nihamie lenzi za kuvaa jichoni, au nipige leza, yaani upasuaji wa macho, nimalize.

Leza imegoma. Nilikuwa nimeshaanza kujaribu lenzi, daktari akaniambia niziache wiki 2 kabla ya vipimo maana zinabadilisha umbo la konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho. Kupima, konea ikakutwa nyembamba. LASIK, aina moja ya leza, huinua utando wa juu kisha huchonga konea, na macho yenye minus kubwa kama yangu huchongwa zaidi. Kwangu kingebaki kidogo mno. Ipo PRK, aina nyingine ya leza isiyokata utando ule, ila kupona huchukua muda na siku za mwanzo zinauma. Nimesema hapana, kwa sasa.

Basi nimeangukia lenzi za siku moja, jioni natupa. Siku ya kwanza nilikaa dakika 40 mbele ya kioo, kope zinafumba kila kidole kikikaribia, machozi hadi kidevuni. Sasa hata dakika haifiki. Silali nazo. Na yule aliyenishauri niwe nazisuuza kwa maji ya bomba, ndugu yangu, acha kabisa. Humo huwa na vijidudu vinavyoweza kushambulia konea.

Usiku narudi kwenye miwani, safari hii yenye vioo vyembamba. Ule unene wa kitako cha chupa umeisha.

Aliyeuliza kuhusu miwani ya kusomea: hata waliofanya leza, wakishapita miaka 40 wengi huihitaji.