Naomba ushauri: boma la zamani la kulaza ng'ombe nitalitambuaje?

Mjukuu_Embakasi: Habari zenu. Babu yangu aliswaga ng'ombe kwa miguu kutoka Kajiado hadi kiwanda cha nyama pale Athi River, cha KMC, yaani Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1950. Leo magoti hayamruhusu kutembea, lakini bado anataja kila mahali walipolala njiani. Kila nikitoka Nairobi kwenda upande wa Isinya nakuta ploti nyingine imezungushiwa waya, na roho inaniuma. Nataka kuweka njia ile kwenye ramani kabla haijafunikwa. Nikifika porini, nitafute nini?

Malisho: Tafuta nyasi, ndugu. Boma likihamwa, ua wa miiba huoza upesi, lakini samadi imeshaingia ardhini. Utaona duara la ukoka au nyasi za jamii yake, fupi na kijani, huku pembeni nyasi ni ndefu na ngumu. Kule Laikipia maduara hayo hudumu miongo mingi, na swala pala huyapenda kuliko mahali pengine. Nenda mvua ikianza tu, tofauti inaonekana ukiwa mbali. Chimba kidogo... hapana, usichimbe, angalia tu mahali mchwa au mvua imefukua: udongo wa zizi huwa laini, wa kijivu. Narok wanaakiolojia wamekuta mazizi ya kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita, na rutuba ipo hadi leo. Matokeo yalitoka 2018. Ya babu yako ni ya juzi.

Mama_Kiserian: Ukoka huota hata kwenye uwanja wa nyumba iliyobomolewa, kwa hiyo nyasi peke yake haitoshi. Mimi ningeanza na mzee. Usimuulize walilala wapi tu, muulize walinywesha wapi. Ng'ombe wa kuuzwa haharakishwi, akikonda njiani bei inaanguka, kwa hiyo safari ilifuata maji na malisho. Mrekodi sauti yake wiki hii.

Ramani_Ruaraka: Survey of Kenya hapa Ruaraka wana ramani na picha za zamani zilizopigwa kutoka angani. Maboma huonekana kama mviringo. Njia yenyewe usitegemee mstari mmoja: ni vijia vingi vyembamba sambamba, vinavyokusanyika penye kivuko cha mto. Ripoti za wilaya ziko Nyaraka za Taifa, Moi Avenue.

Mjukuu_Embakasi: Asanteni sana. Na ploti za watu je?

Mama_Kiserian: Piga hodi, mwanangu, eleza nia yako. Ukiona vigae vya vyungu au mawe yaliyochongwa, yaache palepale, piga picha, uwaarifu Makumbusho ya Taifa. Sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inataka uwaarifu.

Malisho: Nina gari, Jumamosi sina kazi. Mzee akae mbele, tufuate barabara ya Isinya polepole, aonyeshe kwa kidole.

Mjukuu_Embakasi: Namuuliza jioni hii.