Spoila ya Porsche 911 Turbo (996) inavuja mafuta: jeki mpya, kubadili sili, kuweka ya umeme au kuifunga isimame?

Mtoto_wa_Seeb (Muscat)

Asalaam aleikum wakuu. Nina Porsche 911 Turbo, kizazi cha 996, ya mwaka 2002. Waliowahi kukaa nayo wanajua bawa lake la nyuma, yaani spoila, limegawanyika: la chini limetulia, la juu linanyanyuka lenyewe ukifika kilomita 120 kwa saa, na ukipunguza mpaka chini ya 60 linajilaza. Kazi hiyo inafanywa na jeki mbili ndogo za haidroliki, kushoto na kulia, zinazolishwa na pampu ya umeme iliyofichwa humo humo kwenye boneti ya injini, ambayo kwa gari hii iko nyuma.

Jeki ya kushoto inavuja. Ulianza utepe wa vumbi lililonata kwenye shafti. Sasa nikilinyanyua bawa kwa swichi, upande wa kulia unatangulia, wa kushoto unafuata kwa kusuasua, bawa linakaa kombo kwanza ndipo linyooke. Tahadhari ya spoila kwenye deshibodi inakuja na kuondoka. Joto la hapa mnalijua, na boneti yenyewe imeilalia injini ya turbo mbili.

Nimeuliza kwa wakala, bei ya jeki mpya ikanitafutisha kiti. Jamaa wa gereji moja huku Ghala anasema atafungua abadilishe sili tu, ile mipira ya kuzuia mafuta. Mwingine anasema tupa haidroliki yote, weka mota za umeme. Na rafiki yangu mmoja, ambaye kwake hakuna tatizo lisilotibika kwa kuchomelea, ananiambia nilifunge bawa lisimame moja kwa moja kama la 911 GT2, toleo lenye bawa lisiloshuka. Nipeni mwanga jamani.

Mdau_Gerezani (Dar)

Mkuu, kabla hatujaulizana bei: mafuta yanatokea wapi hasa? Mtu akiona jeki imelowa anasema sili imekufa, kumbe ni nati ya paipu imelegea, au hosi imechanika pale inapojikunja kila bawa likipanda na kushuka. Mafuta yakishateremka yanakusanyika chini, na wewe unaihukumu jeki.

Osha sehemu yote kwa dawa ya kusafishia breki, injini ikiwa imepoa kabisa, kisha kausha. Zungushia tishu nyeupe kila kiungo cha paipu, na nyingine kwenye shingo ya kila jeki pale shafti inapotokea. Pandisha na kushusha bawa mara chache, halafu liache limesimama usiku kucha. Asubuhi usimuulize fundi, iulize tishu.

Kuhusu kukaa kombo. Jeki hizi zinasukuma pande zote mbili: mafuta yakiingia chini ya pistoni zinapanda, pampu ikigeuza mzunguko yanaingia juu yake zinashuka. Kwa hiyo ziko sili za aina mbili. Ya shingoni inazuia mafuta yasitoke nje. Ya pistoni iko ndani, inazuia yasipenye kwenda upande wa pili. Hiyo ya ndani ikichoka huoni tone hata moja. Unachoona ni bawa linazama polepole au upande mmoja unachelewa. Yako ina dalili za zote mbili, au mafuta yamepungua na pampu imeanza kuvuta hewa. Isikilize: ikivuta hewa sauti inabadilika, inakwaruza.

Na tafadhali, likikaa kombo usiendelee kulipandisha ili kuwaonyesha watu. Unalipinda fremu.

Kijana_wa_Mbezi

Naomba kueleweshwa. Yangu ni 996 pia, Carrera, spoila inapanda vizuri na sijawahi kuongeza mafuta yoyote. Nimekuwa nikikosea au ya kwangu imekauka?

Mdau_Gerezani (Dar)

Ya kwako haina mafuta, kaka. Carrera tangu zama za kizazi cha 964, mwaka 1989, bawa linapandishwa na mota ya umeme. Haidroliki ni ya Turbo. Endelea kula maisha.

Bi_Jeki (Mombasa)

Hapa ndipo penye kazi yangu, ingawa mie sio mtu wa Porsche. Karakana yetu iko Changamwe, tunafungua jeki za tipa, fokolifti na kreni ndogo. Jeki ni jeki, tofauti ni ukubwa na pesa za mwenye gari.

Ndugu yangu wa Muscat, usimkubalie mtu akuuzie wazo la sili kabla hajakuonyesha mambo mawili.

La kwanza ni shafti. Itoe yote nje, ifute ing'ae, pitisha ukucha toka juu mpaka chini na kuizunguka. Ukucha ukijikwaa hata kidogo, pana mkwaruzo au kutu, na sili mpya ukiiweka juu ya shafti hiyo itakatwa vilevile kama ya zamani. Vumbi lililonata unalolisema ndilo linalofanya kazi ya msasa. Shafti ikiwa na mkwaruzo, ama inapigwa kromu upya na kusagwa, ama inachongwa nyingine, na kwa jeki ndogo kiasi hicho gharama inaanza kuikaribia ya jeki nzima. Shafti ikiwa safi, sili ndiyo njia ya akili: pesa yake haifiki hata sehemu ya kumi ya jeki mpya.

La pili ni mdomo wa jeki. Ukiona nyuzi za kufungulia, kama za skrubu, au ringi ya chuma iliyokaa kwenye mfereji, fundi yeyote makini ataifungua na kuirudisha. Ukiona chuma kimekunjwa kiwandani, hiyo haikutengenezwa ifunguliwe. Inafunguka, lakini ni kwenye leithi, mashine ya kuzungusha na kuchonga chuma, fundi anakata ule mkunjo kidogo kidogo kisha anachonga nyuzi mpya. Hapo mwulize fundi wako wa Ghala swali moja: ana leithi au ana nyundo na patasi? Jibu lake ndilo litakalokwambia uache jeki au uondoke nayo.

Sili yenyewe apime kwa vania, kile kipimo cha vipenyo, asikisie kwa jicho: kipenyo cha shafti, kipenyo cha mfereji, kimo chake. Na aina ya mpira ina maana sana kwa mahali ilipo jeki yako. Mpira wa nitraili, huu wa kawaida, mipaka yake ni kama nyuzi joto 100 hivi, baada ya hapo unakauka na kuvunjika kama biskuti. Viton, mpira wa kuhimili joto, inavumilia karibu nyuzi joto 200. Juu ya injini ya turbo mbili, Muscat, mwezi wa sita? Mie ningeweka Viton bila kujadiliana. Asikuwekee sili za mfumo wa breki, zile za EPDM: ni nzuri huko kwao, lakini zikikutana na mafuta ya haidroliki ya madini zinavimba na kulainika.

Kinyume chake ni hatari vilevile. Kiwango kikishuka usijaze mafuta ya breki eti nayo ni ya haidroliki. Yatakula sili zote, pampu pamoja nayo, na yakimwagika yanababua rangi ya boneti. Nunua yanayotakiwa kwa namba ya chasisi. Zile chupa za kuzibia uvujaji nazo ziache dukani. Zinafanya kazi kwa kuvimbisha mpira, unapata nafuu ya muda na sili zilizolegea zaidi.

Usiku_Thika_Road (Nairobi)

Madam ameongea poa lakini mnazunguka sana. Boss, hilo bawa lifunge. Chuma mbili fupi kila upande, limesimama, pampu chomoa. GT2 ya kiwanda ina bawa lisiloshuka na hakuna mtu analia. Hakuna mafuta, hakuna jeki, hakuna bei ya wakala.

Abuu_Coventry (Uingereza)

Kufunga si dhambi, ila sema lote. Likisimama daima, sawa, utakula upepo na mafuta ya gari kidogo zaidi, na kwenye kioo cha ndani utaona bawa badala ya anayekufuata. Tahadhari ya deshibodi haitaondoka mpaka uizime kwenye kompyuta ya gari, na ukifika siku ya kuuza, mnunuzi anayezijua gari hizi ataanzia hapo kukata bei. Huku Uingereza ni badiliko la gari, lazima uliambie shirika la bima. Ukinyamaza wanaweza kukukatalia madai siku ukigonga.

Ninachokiogopa ni mtu asome hapa kisha alifunge likiwa limelala. Usifanye hivyo hata kwa wiki moja. Hii ni gari ya farasi 420 inayofika kilomita 305 kwa saa, uzito wake uko nyuma, na bawa halikuwekwa kwa urembo: mwendo ukizidi, hewa inainyanyua nyuma, matairi yanapoteza mshiko wakati unauhitaji zaidi. Kama bawa haliaminiki, endesha polepole mpaka litengenezwe.

Mimi nilinunua jeki mpya, zote mbili, na mipira yake. Ndiyo, inauma. Nilichokipata ni kwamba nilifungua kifurushi, nikafunga, nikajaza, nikatoa hewa, nikasahau. Ukiweka upande mmoja mpya na mwingine wa zamani, mafuta ya pampu yanaifuata jeki isiyokaza, ndiyo maana yanapishana. Kwangu hiyo ilitosha kuamua.

Bi_Jeki (Mombasa)

Abuu, hapo kwa kubadili zote mbili pamoja tumekubaliana. Kwa kununua mpya kabla ya kuangalia shafti hatujakubaliana. Hiyo jeki mpya nayo ina sili za mpira, na joto halijui risiti.

Waya_na_Soketi (Kigoma)

Hamjaizungumzia ya umeme, na mimi nyaya ndiyo nyumbani. Wazo ni zuri: hakuna tone linaloweza kuangukia ekzosi iliyoiva, na hilo si jambo dogo, mafuta yakidondokea turbo ya moto moshi ndio salamu ya kwanza, moto unaweza kufuata. Ila kuna umeme na umeme. Zipo seti zilizotengenezwa maalumu kwa 996 Turbo, zinakaa kwenye nafasi ile ile na zinaielewa kompyuta ya gari. Halafu kuna mota za mtandaoni za vitanda na milango, volti 12, bei nafuu, ambazo watu wanazifunga na kuziombea dua.

Shida ya hizo za pili ni mbili. Mota mbili hazina mwendo sawa hata zikitoka sanduku moja. Bila kifaa cha kuzilinganisha, moja itatangulia na bawa litakaa kombo kama lilivyo sasa, sema sasa umelipia. Na joto: grisi na plastiki ya gia za ndani zilipimwa kwa matumizi ya sebuleni. Ukienda umeme nenda na seti ya gari lenyewe, na tunza haidroliki yako ya zamani kwenye boksi. Siku ya kuuza inaweza kukuokoa.

Usiku_Thika_Road (Nairobi)

Sawa mmenishinda kwa wingi. Mimi bado ningefunga. Likiwa limesimama, Abuu, nimeskia.

Mtoto_wa_Seeb (Muscat)

Shukran sana nyote. Nimefanya ya tishu. Viungo vyote vya paipu vikavu, hosi nzima. Shingo ya kushoto tishu imelowa chapachapa, ya kulia imeacha duara jembamba tu la unyevu. Ukucha: shafti ya kulia ni kioo. Ya kushoto ina mstari, upande unaotazama katikati ya gari, karibu na juu, ukucha unakwama waziwazi. Mdomo wa jeki zote mbili umekunjwa, hakuna nyuzi wala ringi. Fundi wa Ghala nilipomuuliza habari ya leithi akaniambia "tutaona". Nimeondoka na jeki zangu.

Seti ya umeme nimeikataa, si kwa ubaya, napenda gari ibaki ilivyotoka. Kufunga pia hapana. Nimeagiza jeki mpya mbili. Dada Bi_Jeki usinikasirikie. Ila nina swali: hizi za zamani nitupe?

Bi_Jeki (Mombasa)

Sikukasirikii, shafti imeshajibu. Kwa mkwaruzo huo hata mie ningekwambia nunua.

Ya kulia usitupe. Ina shafti safi. Mpe mtu mwenye leithi aifungue taratibu, aweke sili za Viton, aijaribu mezani kwa shinikizo kabla hujaipokea. Utakuwa na ya akiba. Ya kushoto mwachie fundi huyo huyo aifungue kwanza, ajifunzie mkunjo kwenye hiyo iliyokufa kabla hajagusa nzima.

Kwenye kufunga mpya: kila tundu la paipu lifunikwe mpaka dakika ya kuunganisha, vumbi la huko likiingia kwenye pampu utarudi hapa na mada nyingine. Hewa unaitoa kwa kupandisha na kushusha polepole, pampu ikipumzika katikati, maana mota yake haikutengenezwa kuzunguka mfululizo. Kiwango cha mafuta kipime bawa likiwa limelala. Likisimama jeki zimejaza zaidi, chombo kinaonekana kimepungua. Ukijazia hapo, likishuka mafuta yatatafuta pa kutokea.

Kijana_wa_Mbezi

Mtoto_wa_Seeb, ukimaliza weka video ikipanda. Pande zote mbili kwa pamoja tafadhali.